Karatasi za Baba Yako

Mwanangu mpendwa,

Siku ile tulipotoka makaburini ulinivuta pembeni ukaniuliza swali, nami nikakuambia nitakujibu nikishatulia. Hii ni wiki ya sita na hujanikumbusha hata mara moja. Ahsante kwa hilo. Uliniuliza hivi: "Mama, kila aliyesimama leo amesema baba alikuwa mtu wa familia. Mimi nikifumba macho namwona amenipa mgongo, anafunga kamba za shanta aondoke. Ni kweli alikuwa mtu wa familia, au hayo ni maneno ya msibani?"

Ningeweza kukujibu palepale kwamba ni kweli, na ungenikubalia kwa heshima tu. Lakini niliona uliuliza kwa uchungu, na wewe sasa una mtoto wako, nikajua jibu la juu juu halitakufaa. Kwa hiyo nilipofika nyumbani nililishusha lile sanduku la bati lililokuwa juu ya kabati letu, nikaanza kusoma. Wewe humo hujawahi kuona. Ndani yake mna karatasi za baba yako. Nitakueleza ni karatasi gani, ila lazima nianze na usiku mmoja ambao wewe ulikuwa bado tumboni, mimba ya miezi saba.

Yeye na rafiki yake waliondoka alfajiri kwenda mlimani. Nilipomuuliza atarudi lini aliniambia neno moja tu, akiwa tayari yuko nje: "Jioni." Jioni ikafika, hayupo. Saa 2 usiku, hayupo. Mvua ikaanza kunyesha, ile mvua nzito isiyo na upepo ambayo ukiisikia unajua haikatiki leo. Saa 4 nikambeba dada yako mgongoni nikaenda kugonga kwa majirani. Walitoka wanaume sita, na tochi zao na turubai, hakuna aliyelalamika. Wakaniuliza swali moja: "Amepita njia ipi?"

Mlima ule una njia tatu. Kuna ya mtoni, kuna ya msituni, kuna ya mawe, na kutoka moja kwenda nyingine ni mwendo wa nusu siku. Nilisimama pale mvuani, tumbo mbele, mtoto mgongoni, sina la kuwajibu. Nilikuwa namjua baba yako kwa hatua zake akiwa bado hajafika mlangoni. Nilijua akinyamaza kwa hasira na akinyamaza kwa mawazo. Lakini alikopita sikujua. Watu wale walisubiri kidogo, wakatazamana, wakanirudisha nyumbani. Wangekwenda wapi?

Alirudi kesho yake saa 7 mchana, rafiki yake amemwegemea begani, mguu mmoja haukanyagi. Walipokuwa wanateremka, rafiki alikuwa ameteguka kifundo. Walipofika mtoni, ule mto waliouvuka asubuhi kwa kuruka mawe ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya udongo yanakokota magogo. Maji ya kasi hayahitaji kina, mwanangu. Yakifika magotini tu yanamzoa mtu mzima. Baba yako akakataa kuvuka. Wakalala upande ule. Usiku rafiki yake alitetemeka mpaka meno yakagongana, kisha akaacha kutetemeka, maneno yakaanza kumtoka mazito kama ya mlevi. Asiyejua hudhani mtu amepata nafuu. Baba yako alijua kwamba hapo ndipo pa kuogopa, maana mwili ukishuka chini ya nyuzi joto 35 unaanza kushindwa kujipasha wenyewe. Akamvua nguo zilizolowa, akamvalisha sweta lake mwenyewe lililokuwa kavu, akarundika matawi chini ili ubaridi wa ardhi usimpande, wakajifunika turubai moja miili imegusana hadi kukakucha. Rafiki yule ndiye aliyenisimulia, miaka mingi baadaye. Baba yako hakuwahi kulisema.

Kwa hiyo porini hakukosea. Alikosea mlangoni, alipotoka.

Sikumpigia kelele. Nilisubiri tukabaki wawili, nikamwambia: "Ungekufa jana, ningewaelekeza watu wapi?" Akakaa kitini na buti zake za matope, kitu ambacho hakuwahi kukifanya ndani ya nyumba, akanitazama kwa muda mrefu. Hakusema samahani. Unamjua, neno hilo lilimwia zito maisha yake yote. Mimi nikaenda kulala na donge langu.

Wiki tano baadaye niliamka nikakuta ameshatoka. Mezani, chini ya tochi ya nyumbani, kulikuwa na karatasi. Alikuwa amechana ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita, akaandika nyuma yake kwa ile penseli bapa ya seremala, herufi kubwa kama za mtoto anayejifunza:

Njia: ya mtoni, narudi hiyohiyo.
Nani: mimi peke yangu.
Kurudi: saa 11 jioni.
Mnitafute: saa 2 usiku.

Hakuweka jina wala salamu. Nilisoma mara tatu nimesimama. Saa 11 kasoro robo nikasikia hatua zake.

Tangu siku hiyo hakutoka bila karatasi, miaka 33. Zilizobaki sandukuni nimezihesabu, ni 386; nyingine ziliharibiwa na unyevu tulipohama. Mstari wa nne haukuwahi kutumika. Mara moja tu ulikaribia. Sijui kilichomchelewesha siku ile, ila nilikuwa dirishani nikaona mwanga wa tochi unarukaruka gizani. Alikuwa anakimbia. Alifika saa 2 kasoro dakika 10, akashika mwimo wa mlango, anahema hawezi kusema, jasho linadondoka kwenye kizingiti. Alikuwa na miaka 51, na magoti yale unayoyajua. Nilimshika mkono nikamkalisha. Ile haikuwa hofu ya giza, baba yako giza hakuliogopa. Alikuwa anakimbia ili mimi nisiende kugonga kwa majirani.

Sasa nikupe kitu ambacho hata mimi sikuwa nakijua mpaka uliponiuliza. Nilizipanga karatasi kwa miaka, na nyuma ya nyingi nikakuta hesabu. Alikuwa anatumia kanuni ya mpanda milima mmoja wa Scotland, William Naismith, ya mwaka 1892. Ukiigeuza kwa kilomita ni hivi: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, na juu yake saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kileleni kwetu ni kilomita 10 na kupanda mita 1,200, kwa hiyo saa 4, kwa mtu mzima mwenye nguvu asiyepumzika. Karatasi za mwanzo zote zinasema hivyo, 4, na pembeni neno "kileleni".

Halafu dada yako akatimiza miaka mitano. Karatasi ya mwaka huo nyuma ina 4, imekatwa, imeandikwa "4 × 2", imekatwa tena, imeandikwa "4 × 3". Na mbele, pale palipokuwa pakiandikwa kileleni, ameandika "mpaka jiwe la kwanza". Ukifunua inayofuata, jiwe la kwanza. Mwaka wa pili wake, jiwe la kwanza. Kisha "mpaka mti ulioanguka". Nimepita karatasi moja moja, mwanangu, miwani yangu ikiniteremkia puani, na kwa miaka minane neno "kileleni" halipo. Peke yake na rafiki zake alikwenda ziwani kuvua, alikwenda msituni, hizo karatasi zipo. Lakini kilele kile alichokuwa akikipanda kila msimu kabla hamjazaliwa, hakukigusa mpaka ninyi wawili mlipoweza kufika naye. Hakuniambia. Sidhani kama aliona ni jambo la kumwambia mtu.

Na katika hizo za jiwe la kwanza, mstari wa pili unasema: "Nani: mimi, binti, na mdogo mgongoni." Mdogo ni wewe. Ulikuwa na miaka mitatu. Unasema unamwona amekupa mgongo. Sikatai kwamba zipo siku alizotoka peke yake ukabaki dirishani unalia, nilikuwa nikikufuta machozi mimi. Lakini siku zilizokuwa nyingi zaidi, alikuwa anachuchumaa mbele yako na kukupa mgongo ili upande. Shanta alilivaa kifuani. Ndani yake mlikuwa na nguo zako tatu za kubadilisha na blanketi lako la bluu, lile usilolala bila hilo.

Nadhani siku unayoikumbuka kwa hasira ni ile uliyokuwa na miaka minane. Mimi nilikuwepo, nilikuwa wa nyuma. Tulikuwa tumekaribia kilele kwa mara ya kwanza, zimebaki kama hatua 300, kile kirundo cha mawe cha juu kinaonekana. Baba yako akatazama saa yake, ikawa saa 6 kamili, akasema, "Tunageuka." Ulianguka chini ukapiga miguu. Ukamwambia yeye hataki ufike. Alikuwa na desturi ya kupanga saa ya kugeuka kabla hajatoka nyumbani, na ikifika anageuka popote alipo, kwa sababu, alivyokuwa akisema, ukiwa chini akili inaamua, ukiwa juu ni kilele ndicho kinachoamua. Basi akakuinua, akakufuta vumbi, tukateremka wewe umenuna.

Hatukwenda nusu saa, wingu likafunika kule juu tulikotoka. Radi ikamulika. Alipiga goti kando yako akakuhesabisha: moja, mbili, tatu. Ulikuwa umenuna lakini ulihesabu. Ngurumo ikaja ulipofika tisa. Akakuambia sauti inakwenda kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo gawa kwa tatu. Ukasema, "Tatu." Akasema, "Kilomita tatu. Twende." Tukaongeza mwendo, tena akituweka mbali na miti mirefu iliyosimama peke yake, mpaka tukafika bondeni. Pale alikukataza kutoka kwenye gari mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Huenda wewe ulibaki na ile "tunageuka" tu. Mimi nilibaki na mkono wake: wakati wote ule, kuanzia radi ya kwanza mpaka garini, alikuwa ameshika ukosi wa shati lako kwa nyuma, hakuuachia hata alipokuwa anaruka mawe.

Mlifika kileleni miaka mitatu baadaye. Karatasi hiyo ameiandika kama nyingine, ila neno "kileleni" amelipigia mstari.

Mengine unayakumbuka mwenyewe kuliko mimi. Kunyoosha mkono na kupima vidole kati ya jua na upeo wa macho, kila kidole robo saa, mkono mmoja saa nzima kabla ya giza. Kulowesha mikono kwanza kabla ya kumshika samaki unayemrudisha majini, ili usimtoe ule ute unaomkinga na maradhi. Kulala kifudifudi mchangani, wewe na yeye, mkimtazama yule mdudu anayechimba kishimo cha duara kusubiri sisimizi ateleze. Nilikuwa nawaita mara tatu mnione niko hapo.

Kuna alama za njiani. Mlipokua kidogo alikuwa akitangulia, anawaachia mishale ya vijiti mfuate, na vijiti viwili vilivyokatizana mahali pasipopitika. Na duara lenye nukta katikati, maana yake "nimekwenda nyumbani". Ni alama za maskauti, na hiyo ya mwisho imechongwa kwenye kaburi la mwanzilishi wao, Baden-Powell, aliyefariki mwaka 1941 akazikwa Nyeri, kusini magharibi mwa Mlima Kenya. Hilo baba yako aliwahi kuwasimulia. Dada yako alitaka tuichonge alama hiyohiyo kwenye kaburi la baba yenu, akanililia kabisa, na mimi nikakataa. Najua alikuambia na najua hamkunielewa. Sababu yangu ni hii. Baba yako alikuwa akiichora mwenyewe, kwa kijiti, kwenye vumbi la geti letu, pale alipofika nyumbani kabla yenu na ninyi bado mko njiani na mimi. Aliichora akishafika kweli. Sikutaka mtu mwingine amchoree. Kama nilikosea, tutazungumza mkija, kaburi lipo na fundi yupo.

Sasa na hili lazima nikuandikie, maana ukilisikia kwa mwingine utasema mama alinificha. Mama yake alipofariki, siku ya pili baada ya mazishi, watu bado wamejaa nyumbani, alikwenda ziwani akakaa siku tatu. Karatasi niliikuta mezani. Kurudi: keshokutwa. Mimi ndiye niliyepokea wageni wake, niliyejibu kwa niaba yake, niliyewalaza shangazi zake. Karatasi ilinionyesha aliko, haikunisaidia kubeba. Aliporudi alikuwa ametulia, amenyoa, akachukua kazi zote mkononi. Sikumsamehe upesi, ilinichukua karibu mwaka. Hakunieleza kwa nini, na mimi sitakutungia maelezo. Na ile sherehe ya dada yako ya kumaliza shule aliyoikosa, unaijua.

Kwa hiyo waliosimama siku ile hawakusema uongo. Walichokosea ni kusema kana kwamba alizaliwa hivyo, mtu wa familia, kama mtu anavyozaliwa mrefu. Mimi nilimwona anajifunza. Nilimwona akijifunza kwa penseli, kwa mistari minne, tena akiwa hataki kukubali kwa mdomo kwamba anajifunza. Pori alilipenda kabla ya kunijua, na lau angeniambia ataliacha kwa ajili yangu nisingemwamini. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba kila anapokwenda, mimi najua aliko. Kwa mtu wa namna yake hilo si dogo.

Miezi ile ya mwisho, moyo ulipokuwa umechoka na daktari amemkataza kupanda hata ngazi, alikuwa akitembea asubuhi kutoka mlangoni mpaka getini na kurudi. Nilikuwa namwona safari nzima kupitia dirishani. Bado aliandika. "Njia: ya geti. Nani: mimi na fimbo. Kurudi: saa 2 asubuhi. Mnitafute: saa 2 na nusu." Hizo ziko 41. Herufi zinazidi kuyumba, lakini mistari ni minne kila mara. Nilikuwa nazichukua mezani nikizisoma kama zile nyingine, naketi dirishani, naangalia saa.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea filimbi yake, ile ya chuma yenye alama ya meno pembeni. Mtoto wako akishaweza kupuliza, mfundishe kama alivyowafundisha ninyi: ukipotea, kaa ulipo, piga mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika nzima usikilize, kisha anza tena. Anayekujibu hupiga mara tatu. Mke wako naye afundishwe, maana yeye ndiye atakayekuwa anasikiliza.

Sanduku sikulituma. Nataka ulifungue hapa, tukiwa wote, usome ile ya jiwe la kwanza kwa macho yako. Njooni mvua zikikatika, njia ya mtoni itakuwa inapitika. Najua mtaamka mapema mtake kwenda mpaka pale, na mimi nitakuwa bado nimelala. Penseli iko kwenye droo ya meza, palepale. Nimeinoa.

Mama yako